Tuulizie Jeshi Letu: Wito kwa Watu wa Kanda ya Ziwa

Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, aina ya Tupolev Tu-22, ilikuja Mwanza kumsaidia Idi Amin wa Uganda, ikitafuta matangi ya mafuta ya kulipua. Ilikosa shabaha. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, kile kisiwa unachokiona ukisimama Capri Point, yakaua swala. Septemba 1972 ndege za Idi Amin zilikuwa zimekwisha kuipiga Bukoba, na Mwanza pia. Oktoba 1978 majeshi yake yakavuka mpaka, yakaingia Kagera, wakafa watu wasiokuwa na kosa lolote zaidi ya kulima karibu na mpaka.

Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, naanza na habari hizi kwa sababu tunapoambiwa kwamba usimamizi wa jeshi ni mambo ya wakubwa wa Dodoma, sisi tuna haki ya kukataa. Mabomu yale hayakuangukia Dodoma. Uganda ilikuwa imeshindwa kuliweka jeshi lake chini ya raia, nao wavuvi, wakulima na wafugaji wa upande huu wa ziwa wakalipa. Mwaka 1994 tulilipa tena kwa namna nyingine. Miili ya Wanyarwanda waliochinjwa na wanamgambo na askari wa serikali yao ilibebwa na Mto Kagera hadi ziwani, na watu wakaogopa kula samaki. Anayeishi kando ya maji haya anajua kwamba jeshi lisilo na wa kuliuliza halikai ndani ya mipaka ya nchi yake.

Chanzo cha yale ya Uganda tunaweza kukitafuta katika wiki moja ya Januari 1964. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo tunaiita Lugalo. Kesho yake wakaasi wenzao wa Tabora. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, hapo hapo kwenye ziwa letu, Nile inapoanzia. Tarehe 24 ikawa Lanet, karibu na Nakuru. Madai yalifanana kila mahali: mshahara ulikuwa mdogo, na maofisa walikuwa bado Waingereza ingawa bendera ilishabadilishwa. Huku kwetu Rais Nyerere alifichwa, na Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari wenye bunduki. Maduka yaliporwa, watu wakauawa mjini. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza walishuka kutoka meli ya HMS Centaur na kuzima uasi ule kwa muda mfupi. Ilikuwa aibu kubwa kwa serikali changa kuwaita wakoloni wa jana waje kuilinda dhidi ya askari wake yenyewe, na Mwalimu hakuificha aibu hiyo. Mwezi uliofuata aliwaita mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na baadaye askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza.

Kilichofuata ndicho kilichotutenganisha na majirani zetu. Pale Jinja askari walimshika waziri, Felix Onama, na serikali ya Obote ikakubali kuwapandisha mishahara. Askari wakajifunza kwamba bunduki inalipa. Ofisa mmoja aliyeitwa Idi Amin akazidi kupanda vyeo. Mwaka 1966 Obote alimtumia kuishambulia ikulu ya Kabaka kule Lubiri, na mwanasiasa anayemtuma mwanajeshi kumaliza ugomvi wake wa kisiasa ameshampa funguo za nyumba. Januari 25, 1971, miaka saba kamili tangu makomando washuke Colito, Amin aliichukua nchi Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Watu wa Kampala waliingia mitaani wakishangilia. Naomba jambo hilo tulikumbuke, maana nitalirudia.

Huku kwetu, baada ya uasi, Mwalimu alilivunja jeshi lote. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), likiandikisha vijana upya, wengi wao kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chini ya Mrisho Sarakikya. Jeshi likafungwa kwenye chama: matawi kambini, makamisaa wa siasa, maofisa wenye kadi. Kwa kipimo kimoja mpango huo ulifaulu sana. Burundi ilipinduliwa 1966, 1976, 1987 na 1996, Rwanda 1973, Uganda 1971 na tena 1985, Kenya ilinusurika Agosti 1982. Sisi tulikuwa na kesi za uhaini, ya 1970 na ya 1985, na zote ziliishia mahakamani. Lakini tuseme ukweli. Aliyekuwa amelishika jeshi wakati huo ni chama, na raia alishiriki kwa kuwa mwanachama. Asiyekuwa na kadi hakuwa na pa kuulizia.

Ndiyo maana mwaka 1992 una uzito kuliko tunavyoukumbuka. Siku vyama vingi viliporudi, kamba ile ilibidi ikatwe. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, lakini inamwachia haki yake ya kupiga kura. Ibara hiyo hiyo inakataza mtu, chama au shirika lolote kuunda jeshi. Kazi hiyo ni ya Serikali peke yake. Maofisa waliokuwa na mguu mmoja kambini na mwingine kwenye chama walilazimika kuchagua. Jakaya Kikwete, Luteni Kanali wakati huo, aliacha jeshi, akabaki kwenye siasa, na miaka kumi na mitatu baadaye akawa Rais na Amiri Jeshi Mkuu.

Chama kiliachia, basi. Nani alishika? Kwa maandishi ni Bunge, Mahakama, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na nyuma yao sisi wapigakura. Kwa vitendo, kile kipande chetu bado kiko chini, hatujakiokota. Hili ndilo ninalowaita mlifanye.

Msidhani haliwezekani. Tumeshaliona likifanyika, na aliyekuwa mbele alikuwa mtu wa kanda hii. Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza ili kuwakamata majangili wa tembo. Lengo lilikuwa zuri. Wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori wakatumwa vijijini pamoja. Baada ya muda mfupi malalamiko yakaanza kufika kwa wabunge: watu wamepigwa, wengine wamekufa mikononi mwa walinzi wa nchi yao, wanawake wamebakwa, ng'ombe wameuawa kwa risasi, nyumba zimechomwa. Wafugaji ambao hawajawahi kumgusa tembo walikuwa wakiulizwa bunduki ziko wapi. Wananchi hawakunyamaza. Waliwapigia wabunge simu, wakawafuata majimboni, wakaonyesha makovu. Bunge likapiga kelele hadi operesheni ikasimamishwa mwanzoni mwa Novemba, kisha Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira ikaenda kuchunguza chini ya mwenyekiti wake James Lembeli, mbunge wa Kahama.

Desemba 20 Lembeli alisoma taarifa ile bungeni. Alikuwa mbunge wa chama tawala akieleza maovu yaliyofanywa chini ya serikali ya chama chake, na wabunge wa pande zote walisimama kuchangia kwa uchungu. Waziri wa Maliasili, Khamis Kagasheki, alijiuzulu humo humo ukumbini. Kabla siku haijaisha Waziri Mkuu Pinda alitangaza kwamba Rais ametengua uteuzi wa wengine watatu: wa Mambo ya Ndani, wa Mifugo, na Shamsi Vuai Nahodha, Waziri wa Ulinzi. Waziri wa Ulinzi aliondoka kazini kwa sababu ya yale ambayo askari waliwafanyia raia, na yeye mwenyewe hakuwa amemgusa mtu. Raia kulisimamia jeshi maana yake ni hiyo. Kilio kilitoka kwenye boma, kikapita kwa mbunge, kikafika kwenye kamati, kikamng'oa waziri. Hakuna kambi iliyotikisika wala ofisa aliyekataa amri. Nchi ililala salama usiku ule.

Sasa niwapeleke Buhemba, mkoani Mara, tuone upande wa pili. Dhahabu ya Buhemba ilichimbwa na kampuni iliyoitwa Meremeta, ambayo ilielezwa kuwa na uhusiano na jeshi letu. Wabunge walipoanza kuuliza kampuni ile ni ya nani, imepata nini na fedha zimekwenda wapi, jibu walilopewa na Serikali, na Waziri Mkuu akiwa miongoni mwa waliolitoa, lilikuwa kwamba jambo hilo linagusa ulinzi na usalama wa taifa, halifai kujadiliwa hadharani. Swali likafia hapo. Wakazi wa Buhemba waliokuwa wakiishi kando ya shimo lenyewe hawakupewa hesabu.

Siri za jeshi zipo, na ni lazima ziwepo. Sitaki kujua kikosi gani kimelala wapi, wala ndege ngapi ziko tayari kuruka leo usiku. Adui akijua hayo, watakaokufa ni vijana wetu. Lakini dhahabu iliyokwisha kuchimbwa na kuuzwa haimsaidii adui kwa lolote. Bei iliyolipwa kwa kitu, jina la aliyekiuza na kamisheni iliyopita katikati ni mambo ya hesabu, na hesabu ina mkaguzi. Wote tunakumbuka chenji ya rada. Nchi ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28 hivi, huku wataalamu wakisema bei ni kubwa mno na mtambo wenyewe haukutufaa. Mwaka 2010 kampuni ile ilikiri kosa la kutotunza hesabu inavyopaswa, ikakubali kurudisha karibu pauni milioni 30, na fedha hizo zikaja kuwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Lililoumiza ni kwamba waliochimbua walikuwa wachunguzi wa nchi nyingine. Sisi tulisubiri chenji.

Siandiki haya kwa kulichukia jeshi. Hakuna mtu wa Ukerewe anayeweza kulichukia. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka hatua chache kutoka gati la Ukara, kikaua zaidi ya watu 220, wapigambizi wa jeshi walizama pamoja na wavuvi wetu, na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, alikaa pale pale kisiwani kusimamia kazi ya kukinyanyua. Askari walibeba maiti za watoto wa watu kwa heshima.

Na huwezi kumtaja askari mwema kwenye kanda hii ukamwacha David Musuguri. Mzaliwa wa Butiama, aliongoza Divisheni ya 20 vitani, na mwezi Aprili 1979 majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda wakaichukua Kampala. Nchi wakati huo ilikuwa na zaidi ya watu 100,000 chini ya silaha, wanamgambo wakiwemo. Fikirini uzito wa jambo hilo: jeshi kubwa, lililoshinda, lenye majenerali wanaoimbwa mitaani, linarudi kwenye nchi iliyofilisika, sukari hakuna, sabuni hakuna. Katika nchi nyingi za Afrika huo ungekuwa wakati wa redio kupiga muziki wa bendi na sauti ngeni kusoma tangazo. Wanamgambo wetu walirudisha bunduki, wakarudi kulima pamba. Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980, akastaafu 1988, akarudi kijijini kwake. Aliishi huko hadi alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, mzee wa kijiji kama wazee wengine.

Watu kama hao hawakuumbwa na sheria peke yake. Walilelewa kuamini kwamba nchi ni ya raia. Lakini malezi yanachakaa yasipotunzwa, na mwaka 2025 umetuonyesha hivyo. Kabla ya uchaguzi zilizagaa mitandaoni video zinazoliita jeshi liingilie kati, na mwanzoni mwa Oktoba JWTZ ikalazimika kutoa taarifa kwamba haitaki kuingizwa kwenye siasa. Oktoba 29 ikafika. Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingia kwenye vurugu. Damu ya Watanzania ilimwagika, wanajeshi wakaonekana mitaani, intaneti ikazimwa. Novemba Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti ya tume ya namna hiyo ni mali ya waliofiwa kabla haijawa mali ya mtu mwingine yeyote, na tunapaswa kudai kuisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, na kuuliza kila askari aliyetumwa mtaani alitumwa na nani, kwa sheria ipi, na aliripoti kwa nani jioni.

Kijana wangu unayesoma haya ukiwa na hasira, nakuelewa. Umekuta milango imefungwa, na unaona ni heri mwenye kombati aje aifungue. Nakusihi ukumbuke wale waliocheza mitaani Kampala mwaka 1971. Wengi wao walikuwa na sababu nzuri za kumchoka Obote. Waliposhtuka hakukuwa na wa kumpigia simu, kwa sababu Bunge lilikuwa limevunjwa, na hakimu aliyejaribu kusimamia sheria alikuwa hatarini; Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu mwaka 1972, asirudi tena. Ukipokea video ya kuliita jeshi lichukue nchi, usiisambaze. Andika badala yake madai yako kwa jina lako, uyapeleke kwa mbunge.

Nasema mbunge kwa sababu kazi yenyewe ipo. Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husimama Dodoma kuomba fedha zetu. Ziko kwenye mafungu matatu: 38 la Ngome, 39 la JKT, 57 la Wizara yenyewe. Hotuba huchapishwa. Itafuteni, isomeni kwenye vikundi vyenu vya kuweka na kukopa, kwenye BMU za wavuvi, kwenye vijiwe vya bodaboda. Ulizeni fedha zilizopitishwa mwaka jana zimetoka kiasi gani. Ulizeni fidia za watu ambao ardhi yao imeingia ndani ya mipaka ya kambi zimelipwa lini; wakazi wa Ilemela hawahitaji kuelezwa mgogoro wa aina hiyo unavyoumiza. Muulizeni mbunge wenu amewahi kuzungumza lini na wenzake wa Kamati ya Nchi za Nje, Ulinzi na Usalama. Akiwajibu kwamba hayo ni mambo ya jeshi, mwambieni kwa adabu kwamba Lembeli hakujibu hivyo.

Muwaulizie askari wenyewe pia. Uasi wa 1964 ulianza kwa mshahara, na askari wale hawakuwa na mahali pa kupeleka dai lao isipokuwa kwa ofisa aliyewadharau. Nyumba za askari, pensheni zao, matibabu ya waliojeruhiwa kwenye misheni za nje kama Kongo, hayo ni madai ya raia. Mwanajeshi anayejua kwamba mjumbe wa mtaa, mwalimu na muuza dagaa wa Mwaloni wanamsemea bungeni hatatafuta msemaji mwingine.

Wazazi wa kidato cha sita mna nafasi yenu. Tangu 2013 vijana wameanza kuitwa tena JKT kwa mujibu wa sheria, na baadhi ya wa kwetu hupelekwa Rwamkoma, kule Mara. Mnawanunulia raba, sanduku na dawa ya mbu. Muwape pia nakala ya Katiba yenye alama kwenye ibara ya 147 na 148. Wakirudi, waulizeni walichofundishwa juu ya amri halali na amri isiyo halali, muwasikilize hadi mwisho.

Na kuna jambo la wiki hii. Karibu kila mtaa, kuanzia Nyakato hadi Igoma, Sengerema hadi Bunda, yupo mzee aliyevuka Kyaka kwenda vitani Uganda. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70, na kila mwaka tunawazika. Nendeni na simu, mumwombe ruhusa ya kumrekodi. Vita ataeleza mwenyewe bila kuulizwa. Nyinyi muulizeni kuhusu siku aliyorudisha bunduki: ilikuwa wapi, aliipokea nani, alipewa karatasi gani, na kwa nini hakufikiria kubaki nayo.